Soko Moja Mara Kumi: Mwongozo wa Masoko ya Mitumba na ya Mtaani kwa Anayeishi Ugenini

Anayehamia nchi nyingine hukabidhiwa orodha ndefu ya mambo ya kushughulikia: kibali cha kuishi, akaunti ya benki, mkataba wa nyumba, bima. Mimi ningeongeza jambo moja, tena katika wiki za mwanzo kabisa: tafuta soko la mitumba lililo karibu na unapolala. Utapata sufuria, taa na koti la baridi kwa bei unayoiweza, hilo ni kweli. Lakini pia utapata mahali ambapo mtu asiye na jamaa mjini, ambaye lugha bado inamkwama kooni, anaweza kusimama mbele ya mwenyeji na kuwa na la kuzungumza. Kati yenu kuna birika. Anakueleza lilikuwa la nani, wewe unauliza kama halivuji, na mazungumzo yameshaanza.

Mtalii hupita masoko kumi, kila moja mara moja. Anayeishi mahali afanye kinyume chake: achague soko moja, alirudie mara kumi. Hatua zote zilizo hapa chini zinasimama juu ya hilo.

Hatua ya 1: Litafute kwa jina la wenyeji

Ukitafuta kwenye intaneti kwa Kiingereza, utaelekezwa kule kunakokwenda watalii wote. Tafuta kwa neno la huko huko. Lugha nyingi zimelipa soko hili jina la kiroboto: Wafaransa husema marché aux puces, Wajerumani Flohmarkt, Waholanzi vlooienmarkt, Waitaliano mercato delle pulci, Wanorwe loppemarked, Wafini kirpputori, na Wajapani wanalo neno nomi no ichi. Waturuki wamemchagua chawa: bit pazarı. Habari ya viroboto kwa kawaida husimuliwa kuanzia Paris. Mwishoni mwa karne ya 19, waokota taka walisukumwa nje ya kuta za jiji, wakawa wanatandaza walichookota huko Saint-Ouen, na watu waliamini kwamba zile nguo na samani kuukuu zimejaa wadudu. Soko la Saint-Ouen lipo mpaka leo, ila sasa sehemu kubwa yake ni maduka ya vitu vya kale vya thamani. Nenda ukatazame, lakini usitegemee kupata huko kijiko cha jikoni.

Neno la viroboto peke yake halitoshi, kwa sababu chini yake kuna masoko ya aina mbalimbali, na kujua tofauti zake kutakuokolea pesa nyingi. Ufaransa, brocante kwa kawaida ni meza za wafanyabiashara wanaojua bei ya kila kitu, ilhali vide-grenier, yaani siku ya kumwaga vilivyo darini, ni familia za mtaa zikiuza vitu vyao wenyewe. Uingereza kuna car boot sale, ambako watu huegesha magari uwanjani na kuuza moja kwa moja kutoka kwenye buti. Nchini Norwe, bendi za muziki za shule hukusanya vitu kwa majirani na kuviuza shuleni ili kupata fedha za bendi, hasa majira ya kuchipua na ya vuli. Finland mtu hukodi rafu katika ukumbi, anaweka bei kwenye vitu vyake na kwenda zake, na wenye ukumbi humkusanyia pesa. Uholanzi, siku ya mfalme tarehe 27 Aprili, mitaa hugeuka soko na hata watoto hutandika mablanketi kuuza vitu vya kuchezea wasivyovihitaji tena.

Ushauri wangu ni huu: kwa vitu vya nyumbani, nenda kule mwenye kitu anakouza kilichokuwa chake. Mfanyabiashara anauza ili apate faida. Mama anayehama nyumba anauza ili asibebe.

Hatua ya 2: Ijue siku na saa

Masoko haya hayafunguliwi kila siku, na baadhi yana kalenda ambayo mgeni hawezi kuibahatisha. Feira da Ladra ya Lisbon ni Jumanne na Jumamosi. El Rastro ya Madrid ni Jumapili na sikukuu, na alasiri watu wanakunja. Soko la Place du Jeu de Balle mjini Brussels liko kila asubuhi. Lile la uwanja wa Rose Bowl, California, ni Jumapili ya pili ya kila mwezi. Kyoto, soko la hekalu la Toji huwa tarehe 21 ya kila mwezi, iangukie siku gani ya wiki, na lile la Kitano Tenmangu tarehe 25. Yaandike haya ya kwako kwenye kalenda ya simu, uyaweke yajirudie.

Kuhusu saa: anayetaka kitu mahususi aende alfajiri, kabla ya wafanyabiashara kupita na tochi zao na kuchukua vizuri vyote. Anayetaka bei aende saa ya mwisho, muuzaji anapoanza kufikiria uzito wa kurudisha vitu nyumbani. Katikati ya siku ni pa wale wanaotembea tu. Siku ya manyunyu wateja hupungua sana, na waliokuja na meza zao hufurahi kumwona yeyote. Mvua kubwa ni jambo jingine, soko linaweza lisiwepo kabisa, kwa hiyo hakikisha kabla ya kuondoka.

Upande wa vyakula, masoko ya mtaani ya mboga na matunda yana mwendo wake. Nusu saa ya mwisho, vile visivyokaa mpaka kesho huuzwa kwa kreti nzima badala ya kilo. Kama una friji na unajua kupika kwa wingi, hiyo ndiyo saa yako.

Hatua ya 3: Mara ya kwanza, usinunue

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe linaeleweka: umefika, nyumba ni tupu, kila kitu kinaonekana rahisi ukilinganisha na dukani. Jizuie. Siku ya kwanza zunguka soko lote mikono nyuma, mara mbili. Mzunguko wa kwanza utazame vitu, wa pili utazame watu.

Katika vitu, tafuta kinachojirudia. Ukiona meza kumi zimeweka sumaku za friji zilezile, skafu zilezile, pochi zilezile za ngozi, hizo ni bidhaa mpya zilizonunuliwa kwa jumla, na umesimama upande wa watalii. Endelea kutembea. Kwa kawaida uzuri wa soko uko kwenye kingo zake, kule ambako meza zinakwisha na watu wanaanza kutandaza chini.

Katika watu, sikiliza. Wenyeji wanasalimia kabla ya kuuliza bei? Ufaransa, ukianza na "bei gani" bila bonjour, umeshaharibu. Wanashika vitu au wanaomba kuonyeshwa? Kwenye meza za matunda za Ufaransa na Italia, mwenye meza mara nyingi ndiye anayekuchagulia, naye huchukia kuona nyanya zake zikibonyezwa. Atakuuliza unakula lini, leo au keshokutwa, akupe iliyoiva kwa siku hiyo. Ni huduma nzuri kuliko vidole vyako. Je, watu wanashindana bei? Kwa sauti gani? Wanacheka au wananong'ona? Simama karibu na meza yenye wateja ukashuhudia mauzo matatu au manne kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hapo utakuwa umejifunza adabu ya soko hilo.

Kabla ya kuondoka, nunua kikombe cha chai au kahawa kwenye kibanda cha humo humo. Hicho kinaruhusiwa.

Hatua ya 4: Jifunze namba kabla ya salamu ndefu

Kozi za lugha huanza na "ninaitwa fulani, natoka mahali fulani". Sokoni unahitaji namba, na unahitaji kuzielewa zikitamkwa haraka na mtu mwenye sigara mdomoni. Nenda na 1 mpaka 100 ukiwa umeziweka masikioni, usitosheke na kuziona kwenye karatasi.

Kila lugha ina mtego wake. Mjerumani hutanguliza mamoja: 45 ni "tano na arobaini", na mgeni anayeandika anavyosikia huishia kutoa 54. Kiarabu na Kiholanzi hufanya vivyo hivyo. Mfaransa wa Paris akitaja 92 anasema "ishirini nne na kumi na mbili", lakini ukivuka mpaka kwenda Ubelgiji au Uswisi utasikia nonante, neno jepesi la tisini. Mdenishi ana hesabu ya ishirini-ishirini inayowasumbua hata majirani zake wa Skandinavia. China, muuzaji anaweza kukuonyesha namba yoyote kuanzia 1 mpaka 10 kwa mkono mmoja, na ishara ya 6 au 8 haifanani na kuhesabu vidole. Zijue ishara hizo, kwa sababu zinatumika hata mahali ambapo lahaja zinatofautiana.

Angalia pia maandishi ya bei. Sehemu kubwa ya Ulaya bara, mkato ndio unaotenga senti na nukta ndiyo inayotenga maelfu: 1,50 ni moja na nusu, 1.500 ni elfu moja na mia tano.

Baada ya namba, maneno yanayofaa si mengi. "Hiki ni bei gani?" "Kinafanya kazi?" "Naweza kukijaribu?" "Vyote viwili kwa pamoja je?" "Ngoja nizunguke kwanza." "Kilikuwa cha nani?" Swali la mwisho hilo ndilo hazina. Watu hupenda kulijibu, na jibu lake huwa somo refu la lugha, lisilolipiwa ada, kutoka kwa mtu anayetaka kweli umwelewe. Mara mbili tatu za mwanzo hutaelewa zaidi ya "bibi" na "nyumba". Baada ya miezi utaelewa yote.

Hatua ya 5: Andaa mkoba

Beba noti ndogo na sarafu. Muuzaji wa saa moja asubuhi hana chenji ya noti kubwa, na ukimpa hiyo baada ya kumshusha bei umemkosea mara mbili. Gawa pesa: za kutumia mfuko wa mbele, za akiba ndani ya nguo. Weka simu mbali na mfuko wa nyuma, maana palipo na msongamano wa watu wanaotazama chini pana wachomozi. Ukiona kundi limezunguka mchezo wa karata tatu au vikombe vitatu, hao wanaoshinda ni wenzake mchezeshaji. Pita.

Chenji nayo itazame kabla ya kuifunga mkononi. Nchi hubadili pesa zake, na mgeni ndiye anayeachiwa za zamani. Uingereza, sarafu ya pauni ya duara iliacha kuwa halali tarehe 15 Oktoba 2017, na noti za karatasi za pauni 20 na 50 mwishoni mwa Septemba 2022. Uswisi, noti za toleo la nane zilikoma tarehe 30 Aprili 2021. Benki kuu za nchi hizo bado hupokea noti zao za zamani, ila kwenye meza ya jirani hazikusaidii kitu.

Vingine vya kubeba: utepe wa kupimia, tochi ndogo (ya simu inatosha), sumaku ndogo, mfuko imara wa nguo, magazeti ya kufungia vyombo, na karatasi yenye vipimo vya nyumba yako. Upana wa mlango. Urefu wa dirisha. Nafasi iliyo kati ya kitanda na ukuta. Kabati zuri ambalo haliingii mlangoni ni hasara na huzuni kwa pamoja.

Hatua ya 6: Kagua kwa mikono

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hakuna mahali methali hii inapotendeka kama hapa. Vilivyo juu ya meza vimepangwa na muuzaji anayejua thamani yake. Vilivyo kwenye makasha chini ya meza hajavipanga, na mara nyingi hajavitazama. Omba ruhusa, chuchumaa, pekua.

Nguo zipime kwa utepe, usiamini lebo. Namba za saizi hutofautiana baina ya nchi na hata baina ya miaka. Pima nguo yako inayokutosha vizuri ukiwa nyumbani, kifua, bega kwa bega, kiuno, urefu, uandike. Kisha mitumba yote ilinganishe na hiyo. Vuta zipu mpaka mwisho na urudishe. Geuza nguo ndani nje utazame makwapa, bitana na pindo. Iinue kwenye mwanga: nondo huacha vitundu ambavyo havionekani nguo ikiwa imelala. Koti la sufu lenye kifungo kimoja kilichopotea ni bahati yako, kwa sababu vifungo vinauzwa. Lenye vitundu vya nondo liache.

Vyombo vya kauri vigonge taratibu kwa ukucha wa kidole. Kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Pitisha kidole ukingoni, macho hayaoni pengo dogo ambalo kidole kinalihisi. Kisha geuza chini usome. Hapa pana furaha kubwa kwa anayeishi ugenini, kwa kuwa chini ya sahani kumeandikwa historia. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa za kutoka nje ziandikwe nchi zilikotoka, na tangu hapo majina ya nchi yamekuwa kalenda. Kikombe kilichoandikwa "Occupied Japan" ni cha kati ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili na mwaka 1952. "Czechoslovakia" ni ya kati ya 1918 na 1992. "West Germany" na "GDR" ni za kabla ya muungano wa 1990. "USSR" inaishia 1991. Unashika mkononi nchi ambayo haipo tena kwenye ramani, na bado unaweza kuinywea chai. Tahadhari moja tu: rangi na mipako inayong'aa ya vyombo vya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa vile vyenye mapambo makali au vilivyoanza kukwaruka. Vitundike ukutani, usivilie chakula wala kuwekea ndimu na siki.

Fedha na dhahabu zina namba. 925 ni fedha ya kiwango cha sterling, 800 na 835 hukutwa sana kwenye vijiko vya Ujerumani na jirani zake, na Ujerumani tangu 1888 huweka pia mwezi mwandamo na taji. Uingereza ina simba anayetembea. Ufaransa ina kichwa cha mungu-mke Minerva. Kijiko kilichoandikwa EPNS kimepakwa fedha juu tu. Kwa dhahabu, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Sumaku ikinata, ndani kuna chuma. Isiponata haijathibitisha lolote, kwani shaba nayo hainati.

Umeme ndio unaowaunguza wageni wengi. Soma kibao nyuma ya chombo. Japani hutumia volti 100, Marekani 120, Ulaya na sehemu kubwa ya dunia 220 mpaka 240. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haibadilishi volti. Kibao kikiandikwa 100–240 V, chombo kinakubali popote. Kikiandikwa volti moja, fikiria unakohamia baadaye. Omba kukiwasha. Masoko mengi yana mtu mwenye soketi au betri, na muuzaji anayesema "kinafanya kazi" huku anakataa kukijaribu amekujibu tayari. Waya uliopasuka au plagi iliyoungua, acha hata kama unapewa bure.

Simu ya mkononi: bonyeza *#06# uone namba ya utambulisho wa simu yenyewe (IMEI), na hakikisha akaunti ya mwenyewe imeondolewa mbele yako. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine haina kazi nyingine zaidi ya kubana karatasi.

Hatua ya 7: Zungumza bei

Kwanza jua panapozungumzwa na pasipozungumzwa. Vitu vilivyotumika kwenye meza ya mtu binafsi, karibu kote vinazungumzika. Mboga na matunda katika soko la wiki la Ulaya kwa kawaida hayazungumzwi bei, labda ununue vingi au saa ya kufunga. Maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani yana bei moja na fedha zake zinakwenda kwa wenye shida, waachie. Japani, hata sokoni, ombi la kupunguziwa hufanywa kwa upole na kwa mara moja. Kwenye bazaa za Istanbul au Marrakech, kutoomba kupunguziwa ndiko kunakoshangaza.

Mimi sikubaliani na kanuni ile ya kuanzia nusu ya bei. Mtu ameweka kitu cha mama yake mezani kwa bei ndogo tayari, wewe unamlalia mpaka nusu, na wiki ijayo mtakutana tena. Kumbuka mpango wetu ni kurudi. Njia iliyonifaa ni kukusanya: chagua vitu vitatu kwenye meza ileile, uulize bei ya vyote kwa pamoja, kisha unyamaze. Ukimya unazungumza vizuri hata kwa mtu asiyejua lugha. Mara nyingi muuzaji mwenyewe atashuka.

Kama kuna kasoro, ionyeshe kwa heshima, bila kuuponda mzigo wa mtu. Na ukitaja bei, ikakubaliwa, nunua. Kutaja bei kisha kuondoka ni utovu wa adabu katika kila soko ninalolijua. Ikiwa bei haiwezekani, shukuru, zunguka, rudi baadaye. Wakati mwingine kitu kitakuwa kimekwisha kununuliwa, na ndivyo soko lilivyo.

Wiki ya tatu au ya nne utaona kitu kinabadilika. Yule mzee wa vitasa na bawaba atakutambua. Atakuwekea pembeni kitasa kinachofanana na ulichokuwa unatafuta. Bei atakayokutajia mara ya kwanza itakuwa ile ambayo wenzako wanaifikia baada ya mjadala. Hapo ndipo soko linapokuwa lako.

Hatua ya 8: Vya kuacha, na vya kuogopa sheria yake

Magodoro, helmeti za pikipiki na baiskeli, viti vya watoto vya gari: usinunue vilivyotumika kwa mtu usiyemjua. Helmeti na kiti vilivyopata ajali huweza kuonekana vizima na visikulinde. Jiko la gesi la zamani pia, isipokuwa fundi alipime.

Baiskeli nzuri kwa bei ya kutupa, barabarani, muuzaji akiwa na haraka, ni ya wizi. Katika nchi nyingi, kununua ulichopaswa kukishuku ni kosa kwako pia. Uholanzi polisi wana huduma ya mtandaoni ya kukagua namba za vitu vilivyoibwa. Tumia kama hiyo palipo nayo, na omba risiti hata ya mkono.

Bidhaa bandia za majina makubwa nazo ni hatari kwa mnunuzi. Italia, sheria inaruhusu kumtoza faini aliyenunua, mpaka euro 7,000. Kwa mtu anayesubiri kibali cha kuishi, faini yoyote ni mzigo asiouhitaji.

Pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za wanyama adimu: mkataba wa CITES wa mwaka 1973 unadhibiti kuvusha vitu hivi mipakani, na nchi nyingine zimekaza zaidi. Sheria ya Uingereza ya pembe za ndovu ya 2018, iliyoanza kufanya kazi Juni 2022, inakataza biashara yake karibu yote, hata ya vitu vya kale. Vivyo hivyo na mambo ya kale yenyewe: China haitoi ruhusa ya kawaida ya kutoa nje vitu vya kabla ya 1911, na Uturuki, kwa sheria yake namba 2863 ya mwaka 1983, huchukulia mali ya kale kuwa ya taifa. Jiwe lililochongwa ulilouziwa kando ya barabara linaweza kukuzuia uwanja wa ndege. Kama unatarajia kuhama na ulichonunua, uliza makumbusho au ofisi ya forodha kabla ya kulipa.

Hatua ya 9: Kabla hakijaingia ndani

Usikipeleke chumbani moja kwa moja. Nguo zifungwe kwenye mfuko mpaka zifuliwe, kwa nyuzi 60 zile zinazostahimili, au zikaushwe kwenye mashine yenye joto kali kwa nusu saa. Sufu na vitabu visivyovumilia joto vifunge vizuri, uviweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Siku nne zinatosha kwa kunguni, kwa nondo acha wiki mbili. Samani ya mbao au ya kitambaa ikague mishono, pembe na matundu ya skrubu kwa tochi: madoa meusi madogo kama ya kalamu ni ya kunguni. Ukiyaona, iache hukohuko sokoni, hata kama umeipenda namna gani. Unga laini chini ya mguu wa kiti unaonyesha mdudu wa mbao bado anakula.

Hatua ya 10: Kaa upande wa pili wa meza

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sokoni jembe hilo ni meza. Ukishakaa mwaka mmoja, utakuwa na vitu vya ziada, na ikifika siku ya kuhama utakuwa na nyumba nzima. Kodi nafasi ndogo, mara nyingi ni kwa mita ya urefu. Uliza kwanza sheria: Ufaransa, mtu binafsi anaruhusiwa kushiriki mauzo ya namna hii mara mbili kwa mwaka, tena kwa vitu vyake vilivyotumika tu. Visa yako nayo isome, kwa sababu kuuza vyombo vyako ni jambo moja na kufanya biashara ni jingine.

Fika mapema kuliko unavyodhani inafaa, na chenji ya kutosha, turubai la mvua, kiti cha kukalia na chakula. Andika bei kwa namba kubwa. Vitu vya thamani viweke karibu nawe, vya bei ndogo ukingoni, na hakikisha kuna kasha moja la chini ya meza ambalo hujalipanga, kwa ajili ya wanaochuchumaa.

Watakuja majirani usiowahi kuwasalimia. Atakuja mzee wa vitasa, atasimama na kulichukua lile birika, aligeuze chini asome, kisha akuulize lilikuwa la nani. Utamjibu kwa lugha yake, kwa urefu.